Koti la Dirisha la Tatu

Mama Pindo alikuwa na pasi mkononi na simu kwenye rafu ya nyuzi alipopiga ukelele uliowainua wateja wawili waliokuwa wakisubiri kwenye benchi. Mmoja alidhani fundi ameungua. Mwingine alidhani suruali yake ndiyo iliyoungua, na huyo ndiye aliyeinuka haraka zaidi.

"Maua yangu!" Mama Pindo akasema. "Jamani, haya ni maua yangu ya njano!"

Hakuna aliyemwelewa, naye hakuwa na subira ya kueleza. Basi nieleze mimi.

Huyu ni fundi cherehani wa miaka hamsini na minane, mwenye chumba kimoja cha kazi kwenye ghorofa ya chini, kati ya duka la vioo na ngazi za kupandia juu. Jina la Mama Pindo alipewa na wateja, maana kazi yake yote ni ya kurekebisha: kupandisha pindo, kubana kiuno, kubadili zipu, kutia bitana. Nguo mpya hashoni. Ukimletea kitambaa kipya na picha ya gauni, atakurudishia vyote viwili na kukuelekeza kwa fundi wa mtaa wa pili. "Nikipewa kilichoanzwa, nitakimaliza vizuri kuliko aliyekianza," husema. "Kuanza mwenyewe, hapana." Wengi wamejaribu kumtoa kwenye msimamo huo wakanawa mikono. Wa kwanza alikuwa dada yake, aliyekaa naye chumba hicho hicho kwenye cherehani ya pili kwa miaka ishirini na mmoja, wakipiga soga tangu kufungua hadi kufunga. Miaka miwili iliyopita dada alihamia kwa mwanawe, mbali. Chumba kikawa kimya, na Mama Pindo, ambaye hakuumbiwa ukimya, akawa anajibizana na redio.

Aliyemwokoa ni mpwa wake. Alimwonyesha kwenye simu tovuti moja ya visa vifupi, ambako mtu yeyote huandika jambo lililomtokea siku hiyo, mradi lisizidi maneno mia mbili na asitaje jina la mtu. Waandishi wenyewe hujipa majina ya kubuni. Yuko Mke wa Dereva. Yuko Mpangaji wa Juu. Yuko mmoja anayejiita Nimechelewa, ambaye amechelewa kila mahali duniani, hata kwenye harusi yake mwenyewe. Mama Pindo aliwasoma wote huku pasi ikipata moto. Lakini aliyemkaa rohoni ni mmoja tu, Dirisha la Tatu.

Dirisha la Tatu alifanya kazi kwenye ofisi ya kuhudumia wateja. Ni ya maji, hilo lilijulikana; ya wapi, hakusema. Aliandika juu ya watu wanaofika dirishani mwake, kisa kimoja karibu kila siku ya kazi, kwa maneno machache na bila kumcheka mtu. Mama Pindo alivijua visa vyake kwa ghibu. Aliwasimulia wateja wakati akiwapima, na hapo mkono wa fundi haukutulia: alikata hapa, akabana pale, mwisho wa kisa akaupandisha kidogo. Kuandika, hata hivyo, hakuwahi kuandika chochote. Hata maoni ya neno moja hakuthubutu. Alibonyeza alama ya kupenda, akarudi kwenye pasi yake.

Na Jumatano hiyo, saa nne asubuhi, hiki ndicho alichokisoma:

"Kisa cha tisini na tisa. Ofisini kwetu kuna koti jeusi. Si la mtu, ni la kiti: anayekaa dirisha la tatu hulivaa, kwa sababu kiyoyozi kinampulizia kisogoni. Mfuko wa ndani ulipotoboka tulilipeleka kwa fundi, naye akatia bitana ya maua ya njano. Kwa nje hakuna anayejua. Mteja akinifokea, huingiza mkono nikashika maua yangu, kisha nikamjibu kwa adabu. Keshokutwa, Ijumaa, nitaandika kisa cha mia, na hicho kitakuwa cha mwisho. Asanteni."

Sasa umeelewa ule ukelele. Bitana nyeusi ilikuwa imemwishia siku ile, akatia kipande kilichobaki kwenye pazia lake la chumbani, akalirudisha koti akiomba mwenye koti asichungulie ndani. Kumbe kuna mtu amechungulia, tena amekipenda! Mtu huyo ni Dirisha la Tatu mwenyewe! Mama Pindo alicheka, akapiga makofi, kisha akaufikia tena ule mstari wa mwisho na kicheko kikamkauka. Keshokutwa! Bado siku mbili, halafu chumba kirudie ukimya wake.

"Haachi mtu hapa," akasema kwa sauti.

Akavuta daftari lake la vipimo. Mama Pindo haandiki majina ya watu. Majina yanafanana, miili haifanani. Huandika anachokiona. Akafunua ukurasa baada ya ukurasa, akampita "tumbo mbele," akampita "mguu mrefu wa kushoto," mpaka akafika: *koti jeusi, mfuko wa ndani. Mleta: bega la kulia limeshuka vidole viwili. Beji ya maji.*

Idara ya maji ya hapa mjini! Ni mwendo wa dakika kumi na tano. Akachomoa waya wa pasi, akatwaa mkoba.

"Na suruali yangu?" aliuliza yule mteja.

"Suruali haina miguu, itanisubiri," alijibu Mama Pindo, akawatoa nje wote wawili, akafunga mlango.

Dakika kumi na tano alizimaliza kwa tisa. Ukumbi wa idara ya maji ulikuwa na madirisha matano ya kioo, foleni tano, na baridi ya kutosha kuhifadhia samaki. Kwenye dirisha la tatu alikaa msichana mwenye miwani, na begani kwake, loo, lilikuwapo lile koti! Lakini bega la msichana lilikuwa sawa kabisa, la kulia na la kushoto. Mama Pindo akaangaza macho hadi akamwona tarishi akipita na mafaili, upande mmoja umeinama. Akamrukia.

"Ni wewe!" akamwambia, akimshika mkono kwa mikono yote miwili. "Dirisha la Tatu! Mimi ndiye fundi wa maua! Nimesoma vyote tisini na tisa, vingine mara kumi. Usiache kuandika, baba, nakuomba, usiache!"

Alidhani ananong'ona. Foleni zote tano zilikuwa zimegeuka.

Tarishi alimtolea macho. "Mama, mimi huandika sahihi yangu tu, na hiyo kwa shida. Koti nililileta kwako kwa kuwa nilitumwa."

"Sasa nani anaandika?"

"Shusha sauti, mama!" Akamvuta hadi kwenye ubao wa matangazo na kumwonyesha karatasi iliyobandikwa katikati. Mama Pindo akasoma. Kuna mteja aliyejitambua kwenye kisa cha mtandaoni, akapeleka malalamiko makao makuu. Makao makuu yameagiza mtumishi anayeandika visa hivyo ajitokeze kabla ya Ijumaa jioni. Asipojitokeza, wahudumu wote wa madirishani watahojiwa, na atakayebainika atafukuzwa kazi.

"Hapa kila mtu alikuwa anasema hatujui, labda ni ofisi nyingine," tarishi akasema kwa huzuni. "Ofisi ziko nyingi. Sasa wewe umekuja na maua."

Nani alimtuma? Siku mbili za kumwokoa mtu, naye kazitumia kumchongea mbele ya foleni tano! Aliwatazama wahudumu wote watano nyuma ya vioo vyao, msichana wa miwani, kijana mwenye tai, mama mjamzito, wanaume wawili wa makamo, na kila mmoja aliangalia chini. Mmoja wao atapoteza kazi kwa sababu ya mdomo wake.

Mlango wa chumba cha kioo kule mwisho ukafunguka. Akatoka mkuu wa ofisi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mgongo umenyooka kama rula. Wafanyakazi walimwita Bi Muhuri, bila yeye kujua, kwa sababu alichokitia mkono hakikubadilika tena.

"Mama, unamtafuta nani?"

Mama Pindo akapiga moyo konde.

"Simtafuti mtu," akasema. "Nimekuja kujitokeza. Dirisha la Tatu ni mimi."

Tarishi alikohoa. Bi Muhuri alimtazama kutoka kichwani hadi viatuni, kisha akasema, "Ingia," na mlango wa kioo ukafungwa nyuma yao.

"Visa hivi vinatokea hapa ndani," alianza Bi Muhuri akikaa. "Wewe unavijuaje?"

"Mwanangu, mimi fundi. Nusu ya foleni yako inapitia kwangu kupandisha suruali. Mtu akisimama apimwe hana pa kwenda, anasimulia. Mimi nasikiliza, naandika." Uongo ulimtoka laini mpaka mwenyewe akashangaa.

"Na bitana ya njano?"

"Niliitia mimi. Nikajisifia, basi. Ni dhambi?"

Bi Muhuri hakucheka. "Nisimulie kile cha mzee wa mita."

Kile! Kama kuna kisa ambacho Mama Pindo angeweza kukisimulia usingizini, ni hicho. Akasogea ukingoni mwa kiti, woga ukamtoka wote.

"Mzee aliambiwa alete ushahidi kwamba mita yake inahesabu na bomba ni kavu. Akafungua mita yenyewe kwa spana, akaileta mikononi, imefungwa kwenye blanketi la mtoto, la bluu. Wanawake kwenye foleni wakampisha, wakidhani ana kichanga. Kufika dirishani akaifunua, akatia mdomo kwenye tundu, akapuliza, fuuu! Namba zikazunguka. Akasema, 'Mnanilipisha pumzi zangu.' Basi watu wote wakaja mmoja mmoja kupuliza, hata mlinzi. Foleni ilivunjika mbavu. Kwisha."

"Hakikwisha hapo," Bi Muhuri akasema.

"Kilikwisha hapo."

"Hapana! Umekata mwisho. Alikunja blanketi, pembe kwa pembe, taratibu, kila mtu akinyamaza, akaiacha mita mezani na kuondoka. Huo ndio mwisho, ndio kisa chenyewe! Na halikuwa la bluu, lilikuwa la kijani. La bluu niliweka mimi ili asijitam—"

Akasita.

Mama Pindo alikuwa tayari amesimama. Akaweka mkono mdomoni, akautoa, akaurudisha.

"Wewe," akasema. "Wewe mtoto, wewe! Ni wewe!"

"Shusha sauti."

"Na tangazo pale ubaoni?"

"Limetoka makao makuu, mimi nimelibandika tu. Wahudumu wakienda kula saa ya mchana, dirisha la tatu nakaa mimi." Bi Muhuri alivua miwani akaiweka juu ya mafaili, na ghafla akaonekana mdogo kwa miaka kumi. "Mkuu wa ofisi hapigi soga na mtu, mama. Nikiingia wanapocheka, wananyamaza. Nikaona niandike. Sasa watawahoji wale watano kwa jambo langu. Nilitaka Ijumaa niandike cha mia, nifunge, nipeleke barua kujitaja. Wanifukuze mimi."

"Utajitaja? Kwa visa?"

"Niache nani ahojiwe? Yule mjamzito?"

Mama Pindo alikaa tena. Machozi yalimjia naye hakuyazuia. "Nikwambie kitu," alisema. "Tangu dada yangu ahame, wewe ndiye ninayeongea naye. Nakusoma, nakujibu, tunabishana mwisho wa kisa. Hujui tu. Ukiniacha mimi nabaki na nani, na pasi?"

"Nilidhani wanaosoma ni wale kumi na wawili wanaobonyeza."

"Mmoja wao ni mimi!"

Hapo Bi Muhuri akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu asiyekizoea, kilianza kwa kikohozi, na nyuma ya vioo wahudumu watano waligeuza shingo kwa pamoja.

Mama Pindo hakungoja kipoe. "Sasa nisikilize. Nimekiri mbele ya ukumbi mzima. Mwandishi amepatikana, si mtumishi wako. Watanifanya nini mimi? Wanikatie maji? Bomba langu mwezi wa pili huu halijatoa hata tone."

Bi Muhuri alitafakari. Ukimwona ungejua kwamba ndani yake kuna watu wawili wanaovutana, mwenye muhuri na mwenye visa.

"Siwezi kutia muhuri kwenye uongo," alisema mwishowe. "Sijawahi."

"Basi tuufanye kweli."

"Kivipi?"

Mama Pindo alikuwa amesema tu, hakuwa na kivipi chochote. Lakini mwenzake alikuwa ameshaelewa. Akachana karatasi ya namba ya foleni, akaandika nyuma yake neno la siri la Dirisha la Tatu pamoja na namba yake ya simu, akamsogezea.

"Kisa cha mia unaandika wewe. Uanze mwenyewe, umalize mwenyewe. Kikitoka Ijumaa kabla ya saa kumi, mwandishi ni fundi cherehani, na barua nitakayopeleka makao makuu itakuwa kweli. Kisipotoka, napeleka ile ya kujitaja."

"Mimi? Mimi kuanza mwenyewe?"

"Umesema hutaki niache."

Kisha akaandika barua palepale, mistari mitatu, akamgeuzia asome. *Mwandishi wa visa amepatikana. Si mtumishi wa idara hii. Ni fundi cherehani.* Akatia muhuri, tapu! Mama Pindo aliomba aishike kidogo. Alisoma mstari wa kwanza, akaurudia, akagusa wino uliokuwa bado mbichi. Miaka hamsini na minane, na hakuna karatasi iliyowahi kumwita hivyo. Bi Muhuri akaichukua, akaiweka kwenye droo pamoja na ile aliyojitaja mwenyewe. "Ijumaa, saa kumi," akasema.

Alhamisi yote Mama Pindo aliandika. Aliandika maneno mia na themanini, akayasoma, akaona sentensi ya kwanza ni ndefu, akaipunguza. Akapunguza ya pili, akabana ya tatu. Kufika saa sita mchana kisa kilikuwa na maneno kumi na moja na hakuna hata moja lenye kazi. Akafuta. Akaanza kingine, nacho kikafa hivyo hivyo. Wateja walipata suruali zao siku hiyo bila kupimwa wala kusimuliwa lolote, na mmoja aliuliza kama fundi amefiwa.

Ijumaa ilifika, saa nne, saa tano, saa saba. Mama Pindo alitaka kulia. Akafikiria zile barua mbili kwenye droo, na mkono wenye muhuri ukichukua ile isiyostahili. Saa nane na nusu aliingia mteja wake wa miaka mingi na suruali mbili, akasimama apimwe, akasema alichosema, na Mama Pindo akacheka hadi akakaa chini. Mteja alipotoka tu, akafunga mlango kwa ndani, akaandika bila kuinua kichwa:

"Kisa cha mia. Kuna mteja ambaye kila mwaka huja kuongezewa kiuno, na kila mwaka husema sabuni za siku hizi zinabana nguo. Nami humjibu, sabuni hizi si nzuri kabisa. Leo amekuja kupunguziwa. Nimempima mara tatu, tepu inasema kiuno kimepungua sentimita kumi na nne. Nikashtuka, nikamuuliza taratibu kama anaumwa. Akasema haumwi, wamehamishia ofisi yake ghorofa ya sita na lifti imekufa. Nikacheka hadi pini zikanidondoka mdomoni. Akaniuliza, sasa tuseme nini kuhusu sabuni? Nikamwambia, tuseme wamezirekebisha."

Akakisoma. Vidole vilimwasha akate pale kwenye pini. Saa ya ukutani ilisema kumi kasoro dakika saba. Akaviweka vidole vya mkono wa kushoto chini ya paja, akavikalia, na kwa mkono wa kulia akabonyeza.

Kikaenda! Hakuamini. Alizunguka meza ya kukatia, akarudi, akaangalia: kipo. Akazunguka tena: watatu wamependa. Tisa. Kumi na tisa! Alikuwa akiongea peke yake, akijipepea kwa kitambaa cha mtu, alipoona chini ya kisa maoni ya mtu ambaye hakuwahi kuliona jina lake kwenye ukurasa huo.

Akapiga simu. Upande wa pili ilipokewa kabla haijalia mara mbili.

"Nimekiona," Bi Muhuri alisema. "Tarishi ameondoka sasa hivi na barua, ile yako. Hukukata kitu!"

"Achana na hilo, sikiliza hapa. Kuna mtu ameandika. Nakusomea." Mama Pindo akasogeza miwani. "'Huwa nasoma tu, sijawahi kuandika neno humu. Leo nimesoma kwa woga, nikitafuta mahali unapoaga. Hukuaga. Asante kwa kubaki.'"

Upande wa pili zilisikika foleni zikiitwa namba, na mtu akilalamika kuhusu bomba.

"Soma tena," Bi Muhuri akasema.

Mama Pindo akasoma tena, polepole, na alipofika mwisho alisikia mwenzake akipenga kamasi bila kuficha.

"Basi, mama," Bi Muhuri akasema, "tumebaki."